Kufundisha MVA (kusafisha kizazi kwa bomba la kuvuta kwa mkono) mwaka wa nne: mapapai yanatosha kabla ya wodi?

Mkufunzi_Kilindini

Walimu wenzangu, habari za kazi. Nina saa nne za maabara ya mazoezi na wanafunzi 24 wa udaktari hapa Kenya, kabla hawajaingia wodi ya wanawake. Mada ni kusafisha kizazi kwa MVA, mimba iliyoharibika nusu na ile inayotolewa kwa mujibu wa sheria. Naomba kujua papai la namna gani linafaa kutumika badala ya kizazi, ganzi ifundishwe vipi bila mgonjwa, na nimjibu nini mwanafunzi anayesema imani yake haimruhusu kukaa darasani.

Mkunga_Mwandamizi

Salama, mwalimu. Chagua papai dogo, refu kidogo, gumu, linaloanza tu kugeuka rangi. Lililoiva sana huporomoka: nyama inaingia kwenye kanula (mrija unaoingizwa kizazini) badala ya mbegu. Bichi kabisa, mbegu haziachii. Makubwa ya sokoni yaache, kanula haifiki mwisho. Upande wa kikonyo ndio mlango wa kizazi. Mwanafunzi mmoja alishike kwa mikono miwili, mwingine afanye kazi. Wawili kwa papai, mapapai 12, na ya akiba matatu kwa sababu mengine yatapasuka.

Kabla ya papai, bomba lenyewe. Kila mmoja alifungue, alifunge, alipake tone la silikoni kwenye mpira wa pistoni, afunge valvu, avute pistoni mpaka mikono ya pistoni inase nje ya bomba, aliache dakika chache, kisha afungue valvu na kusikiliza hewa ikiingia kwa kishindo. Hakuna sauti, hakuna mvuto: mpira umekauka au umekaa upande. Bomba hubeba mililita 60. Likijaa, mvuto umekwisha hata kama mkono unaendelea kuzunguka.

Mbegu zitaziba kanula, na hilo ni zuri kwa somo. Mwanafunzi atajaribu kusukuma pistoni mbele ili kuzibua. Mkamate hapo hapo. Ncha ya kanula ikiwa ndani ya kizazi pistoni haisukumwi kamwe, maana hewa inaweza kuingia kwenye mishipa ya damu. Afunge valvu, atoe kanula bila kugusa ukuta wa uke, azibue nje.

Dkt_Wodi_ya_Wanawake

Mapapai ni sawa, ila nakuomba usimalize saa zote nne hapo. Mkono wa kuvuta hujifunza haraka. Yanayowadhuru wagonjwa ni mambo matatu: ukubwa wa kizazi uliokadiriwa vibaya, maumivu yaliyopuuzwa, na tishu zisizotazamwa.

Ukubwa: wapime kwa mikono miwili kwenye modeli ya nyonga, na waseme kizazi kimelalia mbele au nyuma kabla ya kugusa chombo chochote. Asiyejua kimelalia nyuma ndiye anayetoboa. Kanula zipo za milimita 4 hadi 12, na kwa kukadiria, kizazi cha wiki 8 huanza na milimita 8 hivi. Nyembamba mno huziba, au hupoteza mvuto kwa sababu mlango haujaikumbatia.

Ganzi: chora saa kuzunguka kikonyo kwa kalamu ya wino mzito. Lignokeini 1%, mililita 20: mbili kwenye namba 12 ya mchoro, mahali pa kushika tenakulamu (koleo la kushikilia mlango wa kizazi), na 18 zigawanywe kwenye namba 2, 4, 8 na 10, kina cha sentimita 1.5 hadi 3, akivuta kwanza kuhakikisha hayumo kwenye mshipa. Kisha asubiri dakika tatu. Wape hesabu hii ubaoni: kikomo ni miligramu 4.5 kwa kilo, kisizidi 200. Mama wa kilo 40 anafikia 180, yaani mililita 18, si 20. Na chupa ikiwa ya 2%, nusu ya ujazo huo. Mtu akichota 20 za 2% amempa mgonjwa miligramu 400. Ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, midomo kufa ganzi: asimamishe sindano. Ibuprofeni apewe dakika 30 hadi 45 kabla. Ikitolewa mezani, kazi inaisha haijaanza kufanya kazi.

Tishu: chujio, bakuli la kioo, maji, taa kwa chini. Vilasi (vinyuzi laini vya kondo la nyuma) huelea kama manyoya meupe. Visipoonekana, afikirie mimba nje ya kizazi kabla ya kumruhusu mgonjwa. Vilengelenge kama zabibu ni mimba zabibu, yaani mimba ambayo kondo lake limekua vibaya. Tumia picha nzuri, maana papai haliwezi kufundisha hili.

Wakili_wa_Afya

Mwalimu, kwa sheria uko salama. Ibara ya 26(4) ya Katiba ya 2010 inaruhusu utoaji mimba pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Wizara ya Afya ilifuta miongozo ya kupunguza madhara ya utoaji mimba usio salama Desemba 2013, na Februari 2014 ikawakataza wahudumu kuhudhuria mafunzo ya utoaji mimba salama. Juni 2019 Mahakama Kuu ikaamua kuwa hatua zote mbili ni kinyume cha sheria.

Anayepinga kwa imani aheshimiwe, asidhihakiwe mbele ya wenzake. Anaweza kukataa kutoa mimba. Hawezi kukataa kujifunza kumwokoa anayevuja damu saa nane za usiku akiwa daktari peke yake kituoni.

Mkufunzi_Kilindini

Asanteni sana. Dharura niiweke wapi, mwanzo au mwisho?

Dkt_Wodi_ya_Wanawake

Katikati, wakati mikono imo kwenye papai. Tangaza ghafla: "Kanula imepita kina ulichopima, hakuna kizuizi." Jibu ni kuacha kuvuta papo hapo, kupima shinikizo la damu na mapigo, kuita msaada. Mafuta au utumbo ukionekana kwenye bomba, ni upasuaji. Kundi la pili lipe mama mwenye homa na usaha: ampisilini gramu 2, gentamaisini miligramu 5 kwa kilo na metronidazoli miligramu 500, zote kwenye mshipa, zianze kabla ya kusafisha. Wengi watakimbilia bomba kwanza.