Gumzo la Ukoo wa Bombo: Afande ameacha sigara, ufizi unatoka damu

Mama Zaitun: Asalaam alaikum jamaa. Shamimu upo? Baba Zaitun ananitia wazimu huku.

Shamimu: Waalaikum salaam Mama. Nipo, mgonjwa wa mwisho wa meno ndio katoka. Kuna nini?

Mama Zaitun: Ameacha sigara tangu mfungo, tukashukuru Mungu. Sasa kila asubuhi akipiga mswaki anatema mate mekundu. Anasema moshi ndio uliokuwa unamshikia meno. Jana nimemkuta anamtuma mtoto dukani.

Mjomba Afande: Sikumtuma sigara. Nilimtuma kiberiti.

Swaibu: Kiberiti cha nini Mjomba, na jiko lenu la gesi linajiwasha lenyewe 😂

Mjomba Afande: Wewe kijana nyamaza. Nasema ukweli. Nimevuta tangu niko kuruta, ufizi wangu haujawahi kutoa hata tone. Nimeacha, damu. Sasa nani mkosaji?

Shamimu: Shikamoo Mjomba. Mkosaji ni sigara hiyohiyo. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu kwenye ufizi. Mvutaji anaweza kuwa na ugonjwa mkubwa, ugaga, yaani ukoga uliogeuka mgumu kama jiwe, umejaa chini, mfupa unaoshika meno unaliwa polepole, na juu usione damu yoyote. Ufizi umepauka, umekauka, mwenyewe anadhani ni mzima. Ukiacha, baada ya wiki chache damu inaanza kupita vizuri tena, na ugonjwa uliokuwepo siku zote ndio unajitokeza. Hukuupata kwa kuacha.

Mjomba Afande: Yaani adui alikuwa ndani ya kambi, moshi ukamziba mlinzi mdomo.

Shamimu: Ndiyo afande.

Mama Zaitun: Na gego la chini linacheza tangu mwaka jana! Akila mahindi ya kuchoma anatafunia upande mmoja, anadhani simwoni.

Shamimu: Hilo gego ndilo linanipa wasiwasi kuliko damu. Mvutaji ana hatari ya kupata ugonjwa wa ufizi kama mara mbili ya asiyevuta, na akitibiwa huku bado anavuta, anapona kwa shida. Mjomba njoo wiki hii tukutoe ugaga wa chini ya ufizi na tupige picha ya mfupa. Na usiruke kupiga mswaki pale panapotoka damu. Wengi wanaruka, na hapo ndipo ukoga unapojaa zaidi. Piga pole pole tu, kwa mswaki laini.

Mama Zaitun: Na ile rangi ya kahawia? Jirani kaniambia asugue kwa unga wa mkaa.

Shamimu: Hapana Mama, mkaa unakwangua jino lenyewe. Rangi tutaiondoa siku hiyohiyo.

Mjomba Afande: Kuna lingine. Usiku mdomo unakauka mpaka ulimi unashikana na kaakaa. Ndiyo maana nanyonya peremende.

Mama Zaitun: Pakiti nzima iko chini ya mto.

Shamimu: Mjomba!! Peremende usiku ndiyo mbaya kuliko zote. Subiri niandike vizuri.

Shamimu: Mtu mzima hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Kazi yake si kulainisha ugali tu. Yanaosha mabaki ya chakula, yanapunguza makali ya asidi ambayo bakteria wanatengeneza wakila sukari, na yana kalsiamu na fosfeti za kurudishia jino madini yaliyotoka. Yana pia kinga ya kupigana na vijidudu. Ukilala mate yanapungua sana, hata kwa mtu mzima wa afya. Sasa wewe unalala na sukari mdomoni, mate hakuna, asidi inakaa pale mpaka alfajiri. Na ufizi wako umeshuka, shingo za meno ziko wazi. Pale jino halina ile ngozi ngumu ya juu, linaoza haraka.

Mjomba Afande: Hapo sikubali. Nilipokuwa navuta nilikuwa natema mate kama mvua. Kukauka kumetoka wapi?

Shamimu: Swali zuri. Moshi ukigusa mdomo unachokoza tezi, mate yanamwagika kwa muda huo. Lakini kwa miaka mingi, wavutaji wengi mate yao ya kawaida yanapungua, na yanayobaki hayana nguvu ileile ya kuzima asidi. Ndiyo maana mvutaji hunuka mdomo hata akisukutua. Pia, unatumia dawa ya presha?

Mama Zaitun: Mbili kwa siku.

Shamimu: Baadhi ya dawa za presha nazo hukausha mdomo. USIACHE dawa Mjomba, nisije nikasikia Shamimu alisema. Mwambie tu daktari wako. Peremende badilisha na chingamu isiyo na sukari mchana, maji kidogo kidogo, na usiku chupa ya maji kando ya kitanda. Waragi pia iangalie, inakausha. Tena pombe na tumbaku zikikutana, hatari ya kansa ya mdomo inapanda kuliko kila moja peke yake.

Mjomba Afande: Waragi ni ya baridi tu.

Mama Zaitun: Bombo ina baridi gani?

Swaibu: Mimi namshukuru Mungu navuta shisha tu, moshi unapita kwenye maji, unasafishwa.

Shamimu: Swaibu, maji yanaupoza tu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2005 kwamba kikao kimoja cha shisha kinaweza kumwingizia mtu moshi sawa na wa sigara 100 au zaidi. Na lile bomba mnapokezana mate ya watu wote mezani. Isitoshe sheria ya tumbaku ya 2015 ilipiga marufuku shisha Uganda nzima. Hiyo baa yenu ikivamiwa usinipigie simu.

Swaibu: Nimekaa kimya 🙊

Kasimu wa Arua: Mimi ni shahidi wa mambo haya. Niling'olewa jino, jioni nikawasha moja. Siku ya tatu maumivu yalipanda mpaka sikioni, kidonda kilikuwa shimo tupu, mfupa unaonekana. Nilimsikia jogoo wa kwanza hadi wa mwisho.

Shamimu: Damu ilikuwa imeganda kufunika shimo, ukaivuta ikatoka. Na moshi wenyewe unachelewesha kidonda kupona. Pole.

Kasimu wa Arua: Na Babu je? Yeye havuti, anaweka tumbaku ndani ya mdomo wa chini. Ana doa jeupe hapo.

Shamimu: Doa la namna gani? Linafutika ukilipangusa kwa kitambaa safi?

Kasimu wa Arua: Ngoja nimwulize.

Kasimu wa Arua: Halifutiki. Ni kama ngozi iliyokunjamana, palepale anapoweka tumbaku. Haliumi. Lipo tangu kabla ya mavuno.

Mjomba Afande: Baba amelima tumbaku maisha yake yote, ameiweka mdomoni tangu mimi mtoto. Ni sugu tu hiyo.

Shamimu: Inaweza kuwa sugu tu Mjomba, madoa mengi hayageuki kuwa kitu kibaya. Lakini mengine hugeuka, na kwa macho huwezi kutofautisha. Doa au kidonda mdomoni kikipita wiki mbili lazima kionwe, hata kama hakiumi. Kasimu, usimtishe. Mpeleke hospitali ya rufaa hapo Arua, upande wa meno. Wakiona haja watakata kipande kidogo wakipime. Kikiwa na tatizo ndipo tutafikiria Taasisi ya Kansa huku Mulago.

Mama Zaitun: Atakubali? Mzee huyo hapendi sindano.

Kasimu wa Arua: Amesema atakwenda Jumatatu, lakini si kwa pikipiki yangu, eti naendesha kama natoroka polisi.

Swaibu: Nimemtumia Kasimu elfu hamsini kwa simu. Mchukulieni teksi.

Mjomba Afande: Na mimi natuma. Kasimu, ukifika nipigie, niongee na huyo daktari mwenyewe.

Kasimu wa Arua: Sawa afande. Shamimu, aende bila kula?

Shamimu: Ale kama kawaida. Mbebe na dawa zake zote anazomeza, na tumbaku asiweke asubuhi hiyo, waweze kuona vizuri.