MREJESHO: Wife aliyekuwa analia hovyo baada ya kujifungua

Wakuu habari zenu, ni yule niliyewauliza kuhusu wife, mtoto alikuwa na wiki sita, mama analia tu, halali hata mtoto akilala, akafika kuniambia bora mtoto alelewe na mama yangu yeye hawezi.

Kliniki ya kwanza walimpima mtoto uzito, wakamchanja, wakasema yuko vizuri. Mama hakuulizwa hata swali moja, na hiyo imeniuma mpaka leo.

Basi nikafuata ushauri wenu, tukaomba rufaa kitengo cha afya ya akili hospitali ya mkoa. Pale akapewa maswali 10 ya kipimo cha Edinburgh (cha kuangalia sonona, yaani depression, kwa mama aliyejifungua), yanauliza umejisikiaje siku 7 zilizopita, jumla pointi 30, na kuanzia 13 hivi wanaona dalili za sonona ni kubwa. Yeye alipata 19. Lile swali la mwisho la kujidhuru akajibu "wakati mwingine" na mimi nimekaa pembeni yake, nalala naye kitanda kimoja na sikuwa najua.

Kaanzishiwa dawa ambayo anaendelea kunyonyesha nayo, na ushauri nasaha kila wiki, ila nauli ndo inatubana. Mama mkwe kaja anakaa na mtoto usiku ili mwenzangu alale. Mabadiliko nilianza kuyaona kama wiki ya nne hivi, juzi nimerudi kazini nikamkuta anamwimbia mtoto, nikasimama mlangoni. Dozi bado inaendelea, daktari kasema asiache ghafla hata akijisikia poa.

Dada uliyeniandikia nisimwambie ajikaze, asante sana.