MJADALA: Grateful Dead Ulaya 1972, shoo 22 kwenye CD 73, ilikuwa haki kutoa kopi 7,200 tu?

#1
Wakuu habari za muda huu. Hili jambo liko kifuani kwangu tangu 2011, leo naliweka mezani tuligombanie vizuri.

Kwa ambao hawajui, Grateful Dead ilikuwa bendi ya rock ya California, kina Jerry Garcia, Bob Weir, Phil Lesh na wenzao, na sifa yao kubwa ilikuwa stejini kuliko studio. Mwaka 1972 kuanzia Aprili 7 mpaka Mei 26 walizunguka Ulaya, msafara wa watu zaidi ya 40 na mabasi mawili, wakapiga shoo 22, London, Newcastle, Copenhagen, Hamburg, Paris, Amsterdam, Munich na kwingineko, na kila shoo ikarekodiwa kwa mashine ya traki 16, yaani vyombo na sauti kila kimoja kwenye mstari wake. Mwaka huohuo Novemba ikatoka albamu ya santuri tatu. Basi watu wengi wakakaa na zile santuri tatu, na matoleo machache tu ya baadaye, karibu miaka 40. Halafu 2011 ndo wakatangaza kwamba shoo ZOTE 22 zinatoka kwenye boksi moja la CD 73, limetengenezwa kama lile sanduku kubwa la safari la zamani, muziki wa saa zaidi ya 70, bei dola 450, kopi 7,200 basi. Ziliisha kabla hata siku nne hazijatimia.

Sasa mi msimamo wangu uko hivi. Kutoa usiku wote 22 pamoja na makosa yake ni kitu kizuri kuliko vyote ambavyo bendi yoyote ya zamani imewahi kuwafanyia mashabiki wake. Ila kuihesabu ile kitu kopi moja moja na kufunga mlango ilikuwa kosa, tena kosa kwa watu walewale ambao bila wao huu muziki usingefika hapa ulipofika. Toeni maoni.

#2
Mkuu umeanza vizuri ila mi napinga. Chukua dola 450 gawa kwa shoo 22, unapata dola 20 na senti kwa shoo moja, na shoo nyingi ni CD tatu au nne. Wakati ule CD moja ya kawaida dukani ilikuwa dola 12 mpaka 15, sasa hapo unyonyaji uko wapi? Halafu kumbuka kanda za traki 16 ambazo zimekaa karibu miaka 40 huwezi kuziweka tu kwenye mashine ukabonyeza pleya, inabidi zikaguliwe, zinyooshwe spidi, zifanyiwe miksi upya traki kwa traki, masaa 70 jamani, huyo mtu wa miksi anakula nini? Kampuni ikisema tunatoa 7,200 ina maana inajua pesa inaingia kiasi gani na mapema, kazi inafanyika. Bila ile idadi zile kanda zingekuwa bado rafuni mpaka leo.

#3
Mi naunga mkono #2 kwenye bei ila naongeza lingine. Hivi kweli nani anahitaji shoo zote 22? Nimeipitia orodha ya nyimbo, ni zilezile zinajirudia, wimbo mmoja unaukuta usiku huu, kesho tena, keshokutwa tena. Ile albamu ya 1972 ilichaguliwa na wenyewe bendi, walikaa wakasikiliza wakachukua zilizotoka vizuri, na sehemu za kuimba wakazirudia studio mana stejini sauti zilikuwa zinayumba. Matokeo yake ni albamu unayoweza kumpa mtu yeyote akaipenda. Mi naiheshimu kazi ya kuchagua. Mpishi hakuletei jiko zima mezani.

#4 (mwanzisha mada)
Asanteni sana #2 na dada #3, hoja zenu ni nzito, ngoja nijibu taratibu.

Naanza na dada. Nikueleze nilivyoingia kwenye hii bendi ndo utaelewa kwa nini nang'ang'ania usiku mzima. Nilikuwa nafanya kazi ghala moja huko Pennsylvania, shifti ya usiku, na pale kulikuwa na mzee mmoja Mmarekani, mtu wa maneno machache sana, ambaye alinikuta nasikiliza ile albamu ya santuri tatu, sijui hata aliona nini usoni kwangu, kesho yake akaniletea mfuko wa plastiki una kaseti sita za dakika 90. Kila kaseti ameandika kwa mkono wino wa kijani, tarehe, mji, nyimbo kwa mpangilio, na mshale mdogo pale ambapo wimbo mmoja unaingia kwenye mwingine bila kusimama. Moja ilikuwa ya Mei 26, 1972, ukumbi wa Lyceum London, usiku wa mwisho wa ile safari. Akaniambia sitaki hela, siku moja na wewe utamnakilia mtu.

Sasa kwenye albamu unaijua Truckin', halafu vinafuata vipande viwili vifupi vya ala tupu vimeandikwa Epilogue na Prelude, halafu inakuja Morning Dew, ile ambayo Garcia anaimba kama mtu amebeba msiba. Vyote ni vya usiku ule wa Mei 26. Mi nilidhani ndivyo walivyopiga. Kumbe sivyo, katikati pale kulikuwa na wimbo mrefu mzima, The Other One, ambao 1972 ulikatwa yakabaki yale mabaki mawili yakapewa majina. Kwenye kaseti ya mzee ndo nikausikia, wanapiga wanapotea kabisa, besi ya Lesh inapanda kama inatafuta mlango, Garcia anajibu, piano ya Keith Godchaux inagonga juu kule, na pale pale wanapoanza kukaribia KLAK, upande wa kaseti umeisha. Unageuza. Upande wa pili unakuta tayari wako mahali pengine. Mi ule wimbo niliujua hivyo miaka mingapi sijui, nikiuimba kichwani nilikuwa naruka palepale kaseti inaporuka.

2011 sikuwa na dola 450, kodi ya chumba changu ilikuwa karibu na hiyo. Mzee alinunua, alikuwa mmoja wa wale 7,200. Akaniita kwake jumapili, akafungua lile sanduku mezani taratibu, tukaweka Mei 26. Tulipofika pale kaseti inapokatika, haikukatika. Iliendelea. Kuna kama dakika moja hivi, wanashuka chini kabisa mpaka unasikia ngoma ya Kreutzmann peke yake na gitaa inanong'ona, na mi nilikuwa sijawahi kuisikia hiyo dakika maishani mwangu wakati nilidhani naujua ule wimbo wote. Mzee aliangalia dirishani, mi nilifuta macho. Dada yangu hicho hata mchaguaji awe bingwa vipi hawezi kukupa, mana yeye angeona ni dakika ambayo hakuna kinachotokea.

#5
Duh. Mkuu hapo umenigusa.

Mi nataka kumjibu #3 kuhusu kujirudia kwa nyimbo. Kwenye hii safari kuna mtu anaitwa Pigpen, jina lake Ron McKernan, muasisi wa bendi, anapiga kinanda na harmonika na kuimba blues. 1971 aliugua ini akalazwa, hawakuwa naye muda, ndo Keith akaletwa kwenye piano. Ulaya alikuja hivohivo na ugonjwa wake. Juni 17, 1972 pale Hollywood Bowl ndo mara ya mwisho kupanda nao stejini, na Machi 8, 1973 akafariki, miaka 27. Kwa hiyo hizi shoo 22 ndo mtu mzima tunaye hapa, usiku baada ya usiku, kuna usiku anaimba kama simba, kuna usiku kinanda chake unakitafuta hukioni. Ukichukua nyimbo zake mbili tatu bora ukaziweka kwenye albamu unapata muimbaji mzuri. Ukisikiliza mfululizo ndo unajua alikuwa anapambana na nini huku anachapa kazi. Kwangu kule kujirudia ndo faida yenyewe.

#6
Tusisahau na Lille jamani, mana hizi shoo zina historia zake. Walitakiwa wapige Lille Ufaransa mwanzoni mwa Mei, lori la vyombo halikufika, watu wamejaa ukumbini wamekasirika, bendi ikabidi itoroke kupitia dirishani. Halafu wakarudi Mei 13 wakapiga bure, mchana, uwanja wa wazi. Hiyo shoo nayo imo kwenye boksi. Nani angeichagua kwenye albamu? Hakuna. Ila mi naitaka mana ni deni lililolipwa.

Kuhusu idadi ya kopi niko na #2, biashara ni biashara.

#7
Biashara ni biashara ila tukumbuke hii bendi ilijengwa na nini. Hawa waliruhusu mashabiki kurekodi shoo zao, 1984 wakawatengea kabisa sehemu yao ukumbini nyuma ya mafundi mitambo, sharti lilikuwa moja tu, ubadilishane usiuze. Watu wakatumiana kaseti kwa posta nchi nzima, unatuma kaseti tupu na stempu ya kurudishia, mtu usiyemjua anakujazia. Na si mashabiki tu waliohifadhi kwa kunakili. Kanda za Betty Cantor-Jackson, fundi wao aliyerekodi shoo nzuri sana za miaka ya 70, zilikuwa ghala la kukodi, kodi haikulipwa, 1986 zikapigwa mnada kama takataka za kawaida. Waliozinunua na waliozisafisha na kuzisambaza ni watu wa kawaida. Shoo ya Mei 1977 ile ya chuo kikuu cha Cornell ambayo maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka kwenye hazina ya taifa ya sauti, toleo rasmi limetoka 2017, miaka 40, na watu walikuwa wanaijua kwa moyo kutoka kwenye kaseti.

Halafu 2005 zikaondolewa shoo kwenye ile maktaba ya bure ya Internet Archive, mashabiki wakalalamika sana, siku chache baadaye zile zilizorekodiwa na watazamaji zikarudi, za kutoka kwenye mitambo ya bendi zikabaki za kusikiliza tu, kupakua hapana. Kwa hiyo huu ugomvi una umri mkubwa kuliko boksi.

#8
#7 mi napingana na wewe hapo mwisho. Kanda ya kwenye mitambo ni mali ya bendi, waliigharamia, waliibeba Ulaya nzima kwa lori. Yule aliyesimama na maiki yake kwenye umati ana haki na alichorekodi yeye. Ukarimu wa kwanza usigeuzwe deni. Mtu akikukaribisha chai kila siku halafu siku moja akauza maandazi usimwambie amekusaliti.

#9 (mwanzisha mada)
#8 mfano wako ni mzuri na nakubali kanda ni zao, sijawahi kudai bure na naomba hilo lieleweke. #2 pia hesabu yako ya dola 20 kwa shoo ni sahihi, mi mwenyewe ningelipa dola 20 kwa Mei 26 siku hiyohiyo. Ugomvi wangu uko kwenye ile namba. Mana walivyoona zimeisha ndani ya siku nne walitoa toleo la pili la muziki mtupu bila sanduku, na hapo ndo nasema kumbe iliwezekana! Sanduku liwe 7,200, kitabu kiwe 7,200, sina neno, mwenye kupenda vitu vya kabati anunue. Muziki wenyewe ungetangazwa tangu siku ya kwanza kwamba upo kwa kila mtu, usiku mmoja mmoja, mtu akiwa na dola 20 achukue usiku wake. Zile siku za mwanzo watu walikuwa wanakopa, wanaweka kadi ya benki wasiyoweza kuilipa, kwa hofu ya kukosa. Hofu hiyo iliuzwa. Na mtindo umebaki, 2015 wakatoa CD 80 kopi 6,500 kwa dola 700, 2025 CD 60 kopi 6,000. Kila mara shabiki wa kawaida anaisoma ile namba kabla hajajua ndani kuna shoo gani.

Yule mzee wa ghalani angeweza kunihesabia kaseti. Alizo nazo zilikuwa mamia. Alinipa sita akaniambia zikiisha niseme.

#10 (mwandishi wa #3)
Nimesoma yote. Mi nilikuwa upande wa albamu na bado naipenda, ila hiyo dakika moja ya #4 imenikaa. Nikitaka kusikiliza usiku mmoja mzima nianze na upi? Mei 26?

#11 (mwanzisha mada)
Dada Mei 26 iache kwanza. Anza Rotterdam, Mei 11. Kuna wimbo wa Dark Star wa karibu dakika 48, mrefu kuliko Dark Star zote za safari ile. Tafuta muda ambao hakuna atakayekuita, zima simu, usiruke hata pale panapoonekana hakuna kinachotokea. Ukimaliza rudi hapa utuambie dakika ya ngapi ilikushika, tarehe nyingine nitakuandikia.