Mrejesho: kupima alkaloidi za majani ya mnanaha

Ndugu wataalamu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini vipimo vyangu vya alkaloidi (kemikali za mimea zilizo besi, yaani kinyume cha asidi) za mnanaha kwa bromokresoli kijani, rangi inayoungana nazo na kuhamia kwenye klorofomu, havikuwa vikirudiana, na kwa nini klorofomu hiyo, kiyeyushi kizito kuliko maji, ilikataa kutengana na maji. Nawashukuru nyote mlionijibu.

Aliyenishauri niondoe kwanza mafuta na klorofili kwa heksani (kiyeyushi cha mafuta), kisha niigeuzegeuze faneli ya kutenganishia vimiminika taratibu badala ya kuitikisa kwa nguvu kama mtu anayesukasuka maziwa, ndiye aliyeniokoa: lile tabaka jeupe la katikati, ambalo awali nililisubiri saa nzima, sasa hutoweka ndani ya dakika chache, na chini hubaki klorofomu ya njano safi. Pia niligundua kwamba bafa yangu, yaani mmumunyo unaodumisha kiwango cha asidi (pH), ilikuwa na pH 5.3 badala ya 4.7, kosa la mita ambayo haikuwa imesawazishwa; baada ya kuirekebisha, mstari wa viwango vya atropini (alkaloidi ninayolinganishia), nikisoma mwanga kwenye nanomita 470, umenyooka, na sampuli tatu za unga uleule zinakaribiana.

Kwa majani ya chai, ambayo nilijaribu kuyapima kafeini kwa njia hiyohiyo, nimeshindwa kabisa. Klorofomu ilibaki bila rangi, kwa sababu kafeini ni besi dhaifu mno kuungana na rangi hiyo, jambo ambalo mmoja wenu alinionya nami nikalipuuza. Kafeini hiyo nitaipima kwa kromatografia ya kimiminika, njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika, nikisoma kwenye nanomita 273.