Corolla ya cc 1,600 ilichukuaje ubingwa wa Uingereza mbele ya magari ya turbo?

fundi_tegeta:
Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni fundi injini, gereji yetu iko Tegeta. Jumamosi moja kila mwezi tunakutana wenye magari manane kwenye uwanja wa ghala la jamaa yetu njia ya Bagamoyo, kwa ruhusa yake. Tunapanga koni, tunapimana muda, gari mojamoja. Kuna Subaru mbili za turbo, Altezza tatu, Vitz mbili na Corolla 110 yangu. Tangu Januari mshindi ni Subaru. Mwezi uliopita dogo mmoja mwenye Vitz kaniambia haji tena, nikakosa la kumjibu. Huyo dogo anaendesha kuliko sisi sote. Anavyoikata kona ya mwisho, usukani hautikisiki. Lakini karatasi inasema wa saba.

Sasa juzi nimesoma kwamba Chris Hodgetts alikuwa bingwa wa mbio za magari ya saluni Uingereza (leo wanaziita BTCC) mwaka 1986 na tena 1987, kwa Toyota Corolla GT, ile AE86 yenye injini ya 4A-GE. Ni cc 1,587! Upana wa silinda milimita 81, mwendo wa pistoni 77, vipimo vilevile vya 4A-FE iliyomo kwenye 110 yangu. Tofauti kubwa iko juu, kwenye silinda hedi. Na miaka hiyo Ford Sierra za turbo zilikuwa kwenye mbio hizohizo.

Nisaidieni, alishindaje? Na sisi tunaweza kuutumia utaratibu huo?

msoma_kanuni:
Mkuu, hakuwapita barabarani. Magari yaligawanywa madaraja kwa ukubwa wa injini. Wote wanakimbia pamoja, lakini kila dereva anapata pointi kwa nafasi yake ndani ya daraja lake, na mshindi wa daraja dogo anavuna sawa na mshindi wa daraja kubwa. Mwisho wa msimu pointi zote zinawekwa kwenye jedwali moja. Wenye Sierra wakawa wananyang'anyana wao kwa wao, na aliyelitawala daraja lake raundi baada ya raundi akaondoka na kombe.

Mini zimechukua ubingwa kwa njia hiyo: John Whitmore 1961, Richard Longman 1978 na 1979. Hata Sierra RS500 zilipokuwa ndizo zinazofika kwanza, bingwa wa 1988 alikuwa Frank Sytner na BMW M3, na wa 1989 John Cleland na Vauxhall Astra.

Cha kukusaidia zaidi ni hesabu ya turbo. Kwenye kanuni za Group A, zilizotumika kwenye mbio hizo wakati huo, cc za injini yenye turbo zilizidishwa kwa 1.4, na kuanzia 1988 kwa 1.7, ndipo gari likapangiwa daraja. Chukua Subaru zenu, kama injini ni EJ20: 1,994 mara 1.7 unapata karibu 3,390. Altezza haina turbo, inabaki na 1,998 zake. Hawa si wa kundi moja kabisa.

mzee_wa_upanga:
Wanangu, hilo la madaraja hata huku kwetu lilikuwepo. Mbio za magari za Safari Rally za kwanza kabisa, 1953, zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaligawanywa kwa bei yake dukani. Halikutangazwa gari moja kuwa mshindi wa wote. Wazo lilikuwa gari la kawaida, lile mtu anunualo, lipimwe na wenzake wa bei yake.

Nilikuwa mtoto Bert Shankland aliposhinda Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Dereva wa Tanzania! Tulijazana kwenye redio ya jirani. Na 404 tulikuwa tunaiona mtaani kila siku, ndiyo maana ilituuma na kutufurahisha kama mpira.

wa_kigamboni:
Naunga mkono, ila nina mawili. Kwanza, daraja lenye gari moja linagawa pointi za bure. Wekeni idadi ya chini. Pia mtazamaji hajui nani anaongoza msimu, na Waingereza wenyewe walichoka: 1991 wakafuta madaraja, wote wakawa na injini za lita 2.

Pili, na hili ndilo zito, ukaguzi. Mwaka 1983 Steve Soper alimaliza msimu mbele na Rover Vitesse. Baadaye ikaamuliwa gari halikufuata kanuni, ubingwa akapewa Andy Rouse wa Alfa Romeo GTV6. Kwa marafiki jambo kama hilo linavunja urafiki. Andikeni kanuni kabla.

fundi_tegeta:
Mzee wa Upanga, shikamoo. Hilo la bei ya dukani sikulijua, na limenigusa.

Nimekaa na karatasi jana usiku. Kwa 1.7, Subaru wako peke yao juu, Altezza katikati, halafu 110 yangu na Vitz mbili. Pointi kamili kuanzia magari matatu, wakiwa pungufu ni nusu. Mwenye Subaru mmoja amelalamika, kisha akasema ana rafiki Mbezi atamleta. Ndiyo ninachotaka. Boneti zote zitafunguliwa kabla ya kuanza, na ya kwanza itakuwa ya kwangu, maana mimi ndiye fundi na mimi ndiye watakayemshuku.

Dogo wa Vitz nimempigia. Akauliza kama 1,587 yangu na 997 yake ni haki kuwa pamoja. Nikamwambia si haki sana, ila tuko watatu tu, na uzito wake ni mdogo kuliko wangu. Akanyamaza. Halafu akauliza matairi ya aina gani yanaruhusiwa.