Mjadala: Sampuli za damu zetu ziendelee kupelekwa nje, au zibaki hapa?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana kila likitajwa watu wanagawanyika papo hapo: hawa "wazungu wanatuibia damu", wale "bila mfadhili hakuna utafiti". Mimi ni fundi sanifu maabara, niko mkoa wa Pwani, huu ni mwaka wa 11 kwenye miradi ya malaria. Taasisi sitaitaja.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe. Saa kumi na moja alfajiri gari linatoka, boksi la barafu likiwa nyuma, ili tufike kijijini kabla akina mama hawajaenda shamba. Mama anasomewa fomu ya ridhaa, anaweka sahihi au dole gumba. Mtoto anatolewa mililita mbili mkononi, analia, anapewa biskuti. Kichupa kinabandikwa namba, jina halipo. Jioni kimeshaingia kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Miezi inapita, kisha siku moja tunaambiwa tupakie. Vichupa vinapangwa kwenye boksi la povu lililojaa barafu kavu, ile ambayo ukiigusa kwa mkono mtupu inaunguza kama kaa. Tunajaza karatasi za mkataba wa kuhamisha sampuli, wakala anabeba, boksi linaenda uwanja wa ndege. Kazi yangu inaishia hapo.

Mwaka juzi tulirudi kijiji kilekile kwa mradi mwingine. Mama mmoja akanitambua. Akaniuliza: "Baba, ile damu ya mwanangu iko wapi sasa?" Daftari ninalo, kwa hiyo tarehe iliyoondoka niliweza kumtajia. Zaidi ya hapo nilikuwa sina cha kumwambia. Bibi aliyekaa mkekani pembeni, akichambua mchicha, akatamka neno moja tu: mumiani, yaani wanyonya damu.

Tuliokulia pwani neno hilo tunalijua, tumetishwa nalo utotoni. Wasomi wetu huliita imani potofu, wakaishia hapo. Mimi siku ile sikuona upotofu wowote kwa yule bibi. Watu walikuja na gari, wakachukua damu ya mjukuu wake, wakaondoka, na hakuna aliyerudi kumwambia imefanyiwa nini. Angeamini nini kingine?

Hoja yangu ni hii: sampuli isiondoke peke yake. Kila boksi linalopanda ndege liondoke na mtu wa maabara iliyolikusanya. Akae kwenye mashine ya kupimia sampuli, ajifunze, achambue, arudi na majibu, na jina lake liwe kwenye makala. Kama huko liendako hakuna kiti cha mtu huyo, boksi libaki kwenye friza.

Sisemi tufunge milango. Taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara ilianza miaka ya 1950 kama kimaabara cha Waswisi, na leo ni taasisi ya Watanzania inayoheshimika duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, chanjo ya malaria iliyobuniwa Kolombia na Manuel Patarroyo ilijaribiwa kwa watoto 586 wa Idete, Kilombero. Matokeo yaliyochapishwa 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31, na majaribio ya kwingine baadaye yakaonyesha haifai. Hata hivyo watu wetu walijifunza pale namna ya kuendesha jaribio la chanjo kwa kiwango cha juu. Chanjo nyingine ya malaria, RTS,S, ilipojaribiwa kwenye vituo 11 vya nchi 7 kuanzia 2009, Bagamoyo na Korogwe zilikuwamo. WHO iliipitisha Oktoba 2021. Chanjo hiyo isingepatikana kwa kila nchi kujifungia ndani.

Ila angalieni majina mawili. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, mwaka 1963, alipoona maziwa yake ya moto yanaganda kabla ya yaliyopoa. Darasani alichekwa. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, na yule bwana akaenda kupima badala ya kucheka. Makala ilitoka 1969 kwa majina ya wote wawili, la Mpemba likitangulia. Leo fizikia dunia nzima inataja jina la Mtanzania.

Jina la pili ni Boheti bin Amrani. Huyu alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji kule Tendaguru, Lindi, Wajerumani walipochimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) kati ya 1909 na 1913. Zaidi ya tani 200 zilibebwa vichwani hadi bandarini. Mjusi mkubwa kuliko wote amesimamishwa Berlin, ana urefu wa mita 13 kwenda juu. Boheti alisubiri hadi 2007 ndipo mnyama mmoja wa Tendaguru akapewa jina lake, *Australodocus bohetii*. Kazi ile ile ya sayansi, ushirikiano ule ule kati ya mwenyeji na mgeni. Mmoja aliandikwa siku ya kwanza, mwingine baada ya karibu miaka 100.

Mimi nataka vijana wetu wawe akina Mpemba. Karibuni.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mtoa mada, umegusa penyewe halafu ukalegea. Mtu mmoja kupelekwa Ulaya miezi mitatu ni pipi tu. Zibaki zote.

Angalia Indonesia. Mwaka 2007 waligoma kupeleka WHO sampuli za mafua ya ndege, baada ya kubaini kampuni ya Australia imetengeneza chanjo ya majaribio kwa kirusi kilichotoka kwao, chanjo ambayo wao wenyewe wasingemudu bei yake. Wakatukanwa, wakaitwa hatari kwa dunia. Hawakurudi nyuma. 2011 WHO ikapitisha utaratibu mpya: kampuni zinazonufaika na mfumo ule wa sampuli zinachangia fedha kila mwaka, na sehemu ya chanjo inatengwa kwa nchi zinazoendelea. Wangeomba kiti cha mtu mmoja wangepata kiti cha mtu mmoja.

Mchangiaji, Kilifi

Habari zenu ndugu zangu wa Tanzania. Mimi ni muuguzi, nimefanya utafiti huku Kilifi, ambako ushirikiano wa KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome (mfadhili wa Uingereza) ulianza 1989. Naomba nimjibu ndugu wa Dar.

Indonesia ilisikilizwa kwa sababu matajiri walikuwa wanakiogopa kile kirusi. Malaria nani anaiogopa London? Tukizuia sampuli za malaria, wao watalala usingizi wao na watoto watakaoendelea kuzikwa ni wetu. Hata Mei 2025, mataifa yalipopitisha mkataba wa WHO kuhusu majanga ya milipuko, kiambatisho cha sampuli na mgawanyo wa faida ndicho kilichoachwa kijadiliwe baadaye. Pale ndipo penye uzito, na tukienda mmoja mmoja tutashindwa.

Na wewe mtoa mada, nakuunga mkono ila nina swali. Huyo mtu akirudi, anarudi kwa mashine gani? Nimeona wenzangu wamesomea vifaa vya bei mbaya, wakirudi wanapewa darubini na daftari. Mwaka mmoja baadaye wako Ulaya tena, na safari hii hawarudi.

Mchangiaji, Goma

Salamu kutoka Goma. Ninyi mnabishana juu ya kitu ambacho sisi tumekiona chote, mwanzo hadi mwisho.

Mwaka 1976 Profesa Muyembe, mtaalamu wetu wa virusi, alifika Yambuku, kaskazini mwa Kongo, kwenye ugonjwa usiojulikana, akagusa wagonjwa kwa mikono mitupu, akamleta Kinshasa mtawa Mbelgiji aliyekuwa anaumwa. Damu ikapelekwa Antwerp ndani ya chupa ya chai. Huko wakaona kirusi kipya, Ebola, na kwa miaka mingi sifa ilikaa huko.

Muyembe hakufunga mlango. 1995 Ebola ilipiga mji wetu wa Kikwit. Mtu aliyepona pale ndiye ambaye baadaye damu yake ilitoa kingamwili (kinga ambayo mwili hutengeneza kupambana na kirusi), Muyembe akishirikiana na Wamarekani wa NIH, taasisi yao ya utafiti wa afya. Ikawa dawa. Nayo ilijaribiwa hapa hapa mashariki kwetu, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, 2018 na 2019, wakati risasi zinalia na watu wanachoma vituo vya matibabu. Mimi nilikuwa nahamasisha familia wakati ule. Watu walikuwa wanatuambia Ebola ni biashara. Tulipoweza kusema "dawa hii imetoka kwenye damu ya Mkongomani, na daktari aliyeitafuta ni Mkongomani", kuna milango ilifunguka. Si yote, lakini ilifunguka.

Halafu Muyembe akasema sampuli za Ebola zitabaki Kongo. Alisema hivyo akiwa na maabara yake Kinshasa na watu aliowafundisha miaka 40. Dada wa Kilifi na bwana wa Dar, nadhani wote mna haki, ila mpangilio ndio shida. Alianza na watu.

Mtoa mada

Ahsanteni sana. Kaka wa Goma, umenipa kitu ambacho nitakisema kijijini kama kilivyo.

Mkuu wa Dar, sikulegea. Kuna mwaka umeme ulikatika Ijumaa usiku, jenereta ikagoma, mlinzi hakuwa na namba ya mtu yeyote. Jumatatu nilifungua friza nikakuta maji. Vichupa vya watoto zaidi ya 300, na kila kimoja kuna mama aliyeamka alfajiri kwa ajili yake. Ndiyo maana neno "zibaki" pekee linanitisha. Sampuli iliyobaki na kuoza ni wizi vilevile, tofauti ni kwamba mwizi ni sisi.

Dada wa Kilifi, umenibana na umenibana kwa haki. Basi naongeza sharti: mradi ukipeleka sampuli mara ya pili kwa kipimo kilekile, mara ya tatu kipimo hicho kifanyike hapa. Fedha ya mashine iandikwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, pamoja na fundi wa kuitengeneza na dawa zake za miaka mitano. Mashine iliyokosa vitendanishi tunaifunika kitambaa, na kila maabara ninayoijua inayo moja ya namna hiyo.

Sasa naombeni msaada wa vitendo. Mwezi ujao kuna boksi linatakiwa kuondoka. Nimemwandikia mkuu wa mradi kuomba jina la mtu wa kwenda nalo liandikwe kwenye fomu ileile ya uhamisho kabla sijapakia. Hajajibu. Kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) kipo na cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) kipo, kisheria sina sababu ya kugoma. Mliomo humu mnaokaa kwenye kamati za maadili: je, kamati inaweza kuweka sharti hilo kwa mradi ambao tayari umeshapitishwa? Kijijini tunarudi tarehe 14, na yule mama ataniuliza.