Excel ikiganda faili laharibika kweli, ama ni kuikatiza ndo kunakoliharibu?

binti_wa_tudor
Wazima jamani. Niko ofisi ya kliaringi huku karibu na bandari, tuna faili moja la Excel la kontena zote, meli iliingia lini, storeji yaanza kuhesabiwa lini, nani ashalipa nani bado, kubwa mpaka lachosha. Liko kwenye flashi manake bosi huenda nalo nyumbani Likoni jioni. Sasa ikifika alasiri Excel yaganda, skrini yawa nyeupe, juu pale yaandika Not Responding. Mwenzangu yuwasema nisiguse kitu, eti programu ikiganda na faili liko wazi basi faili lishaanza kuoza, na nikiikatiza ndo nalimaliza kabisa. Mimi hainiingii akilini lakini sina la kumjibu. Hivi ninavyoandika imeganda, nimeshika simu naitizama tu. Nifanye nini?

kijana_bamburi
Hiyo virusi dada, formati flashi uanze upya

fundi_makadara
We kijana wamwambia mtu aformati flashi yenye kazi ya ofisi na hata hujamuuliza kama ana kopi, astaghfirullah.

Dada skiza. Kuganda pekee hakuharibu faili. Windows huandika hayo maneno dirisha likikaa sekunde 5 bila kuitikia, basi, haimaanishi programu imekufa, yaweza kuwa yapiga hesabu ama yangoja diski. Lililoko kwenye flashi ni lile ulilosevu mara ya mwisho, ulichoandika baada ya hapo kiko kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, na hicho ndo unachoweza kukikosa. Hatari ni ikiganda KATIKATI ya kusevu. Na hata hapo Excel haiandiki juu ya faili la zamani moja kwa moja, yaandika jipya pembeni, folda hiyo hiyo, lina jina la herufi na nambari zisizo na maana, likikamilika ndo la zamani lafutwa na jipya lapewa jina lake. Ukikuta faili kama hilo limebaki usilifute, likopi, ongeza .xlsx mwishoni ulifungue, mara nyengine kazi yako yote imo mumo humo.

Kwa sasa fungua Task Manager, ile orodha ya programu zinazoenda, utizame CPU na Disk. Nambari za Excel zikienda, ngoja, kanywe kahawa. Zikiwa zimelala muda mrefu, kopi faili kutoka kwenye flashi uliweke desktop kwanza (mara nyingi yakubali hata Excel ikiwa wazi) halafu ndo upige End Task uikatize Excel. Usizime mashine kwa nguvu na USICHOMOE flashi.

mama_saiba
Hapo kwenye flashi ndo penye maneno. Kuua programu na kupotea stima si kitu kimoja. Ukiua programu, yale iliyokwisha kuyakabidhi kwa Windows bado Windows itayaandika, lakini stima ikienda ama flashi ikichomolewa, vilivyokuwa njiani vyapotea. Na flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32 ama exFAT, hizo haziweki daftari la mabadiliko kama mfumo wa NTFS, japo hata NTFS yalinda mpangilio wa diski tu, si maandishi yako. Tena .xlsx ni zipu, orodha ya vilivyomo iko mwisho wa faili, kwa hivyo likikatika mkia lote lakataa kufunguka hata kama data nyingi imo. Wateja wanaoniletea faili lililokufa hapa, wengi wao ukiwadadisi ni flashi ilichomolewa, na hakuna anayekubali mara ya kwanza 😄

picha_za_harusi
Kwa video sheria ni nyengine. Ukirekodi MP4 ya kawaida na programu igande ukaiua, utabaki na faili zito kabisa lisilofunguka, manake faharasa yake huandikwa mwisho ukibonyeza stop. Kwenye OBS, programu ya kurekodi, mimi narekodi faili la aina ya MKV halafu nageuza iwe MP4 baadaye. Bibi harusi haingii ukumbini mara mbili.

binti_wa_tudor
Nimetizama, CPU ilikuwa yapanda na kushuka, nikangoja na imefunguka yenyewe!! Nimesevu haraka haraka. Mwenzangu amenuna. Sasa bosi nimwambieje kuhusu hiyo flashi, yeye haskii la mtu

fundi_makadara
Usimkataze flashi, mpangie. Mchana kazi ifanyike kwenye diski C ya mashine, jioni funga Excel, kopi liende flashi, piga Eject, asubuhi likopi tena kurudi. AutoRecover, ile Excel kujiwekea kopi yenyewe, huja ikiwa kila dakika 10, iteremshe iwe 5. Na hizo fomula angalia kama kuna mtu ameandika A:A, kolamu nzima ina safu zaidi ya milioni 1, punguza iishie pale data inapoishia uone kama itaganda tena hiyo alasiri.